Kleti, tyubu na tayamamu

Tepu ilikuwa nyeusi, ile ya mafundi umeme inayouzwa kila duka la hadwea. Ilikuwa imezungushwa kwenye bumu, lile bomba linaloshika tanga kwa chini, mara nne, labda tano, na chini yake palichungulia ukingo wa mpira: kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa mkasi, tena kwa mkono uliotulia, chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Niliinama nikakigusa. Chumvi ilikuwa imeanza kukauka juu yake.

"Umeweka mwenyewe?"

"Ndiyo, kocha. Kleti ilikuwa haishiki."

Kleti ni kile kidude kinachong'ata kamba isiteleze. Alijibu kama mtu aliyeulizwa kama ameshakula. Nyuma yetu mashua nyingine zilikuwa zinavutwa mchangani, matanga yanapigapiga kwa kusi la Agosti, watu wanacheka na kusimuliana nani kapinduka karibu na boya la Bongoyo. Yeye alikuwa ametoka wa pili. Hajawahi kutoka hata wa pili maishani mwake, na siku hiyo alikuwa ametoka wa pili mbele ya watu wenye mashua ambazo bado zinanukia kiwandani.

Saa moja na nusu baadaye hakuwa wa pili. Hakuwa wa ngapi. Kwenye karatasi ya matokeo jina lake lilikuwa chini kabisa, na pembeni yake herufi tatu: DSQ, yaani ameondolewa kwenye matokeo.

Mmoja wa waliomwandikia herufi hizo ni mimi.

Dakika kumi na mbili

Mashua yenyewe ni Laser, ya tanga moja na mtu mmoja. Sitaeleza zaidi. Wengi mnaosoma hapa mmeshapinduka nayo. Tangu 2019 jina lake rasmi la mashindano ni ILCA, baada ya mzozo wa nani ana haki ya kuitengeneza na nani ana haki ya jina, lakini ufukweni kwetu Msasani hakuna anayesema hivyo isipokuwa anapojaza fomu.

Kulikuwa na pingamizi dhidi ya tepu yake, na lilikuwa halali. Nalisema mapema kwa sababu baadhi ya watu walimgeuza aliyeliweka kuwa shetani wa hadithi, na si haki. Jamaa aliona tepu mahali ambapo hajazoea kuiona, akajaza fomu ndani ya muda, akaja kwenye kikao akaeleza bila matusi. Yeye mwenyewe huagiza kila kidude kutoka nje, analipa usafiri, analipa ushuru, anangoja miezi, ili mashua yake isiwe na kitu chochote cha kutiliwa shaka. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza.

Kamati ya kusikiliza pingamizi ilikuwa ya watu watatu. Wenzangu wawili wanajua bahari kuliko mimi, ila kitabu cha kanuni za vifaa ni mimi niliyekuwa nacho kwenye simu. Nikakisoma, nikitafsiri hapo hapo. Kwa maneno yangu ni hivi: tepu inaruhusiwa kwa kufungia pini za shakeli, kufungia ncha za kamba na mambo kama hayo, lakini haitatumika kutengenezea kifaa kipya wala kubadilishia kazi ya kifaa kilichopo.

Wakatikisa vichwa. Mimi pia nikatikisa.

Kijana akauliza jambo moja tu.

"Lakini kocha, si wewe ulituambia tunaweza kutumia tepu?"

Nikamjibu kwamba nilisema, ila si kwa hivyo. Jibu likatosha kwa wote waliokuwa chumbani, isipokuwa yeye. Akakunja mikono. Tukaandika uamuzi, tukasaini. Nilitazama saa kwa sababu nilikuwa na miadi Mikocheni: kikao chote kilichukua dakika kumi na mbili.

Neno "unaweza"

Ni kweli nilisema. Mwezi Mei, kabla msimu haujachanganya, niliwakusanya vijana chini ya mkungu nikawapitisha kwenye kanuni kwa Kiswahili, kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza na Kiingereza chenyewe ni cha mawakili. Nilijiona nimefanya jambo la maana. "Mnaweza kutumia tepu," nikasema, nikaenda ukurasa unaofuata.

Kanuni za vifaa zinasimama juu ya maneno mawili madogo ya Kiingereza, "may" na "shall". La kwanza nimekuwa nikilitafsiri "unaweza" kwa miaka, bila kulitazama mara mbili. Na "unaweza" kwetu ni neno pana mno. Unaweza kuogelea mpaka Bongoyo? Hapo naulizia mapafu yako. Unaweza kuchukua baiskeli yangu? Hapo ninakupa. Mtu akiambiwa "unaweza kutumia tepu" anasikia kwamba tepu ni halali, basi, na mengine ni ubunifu wake. Angeambiwa "umeruhusiwa tepu" angeuliza papo hapo: kwa ajili gani? Ruhusa humfanya mtu atafute mwisho wake.

La pili nilikuwa nikiliita "inapaswa". Jaribu kumwambia kijana wa miaka kumi na saba kwamba mlingoti unapaswa kufungwa kwa kamba ya usalama usichomoke mashua ikipinduka. Anasikia unavyosikia wewe ukiambiwa unapaswa kulala mapema.

Siku hizi nasema "sharti". Limechelewa.

Kilichonikosesha usingizi

Wiki ya kwanza sikuwa na wasiwasi na uamuzi. Kilichonikera ni ile sura aliyoondoka nayo. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu upya na kukuta jibu halitoki.

Wiki ya pili, kwenye foleni ya Mwenge, nikajikuta nimeganda kwenye neno moja tu la ile kanuni. *Kazi.* Tepu isibadilishe kazi ya kifaa.

Kazi ya kleti ni nini?

Kwa ambao hamjawahi kuigusa: hii ninayosema ni kidude cha plastiki kirefu kama kidole gumba, kina mfereji katikati, na mfereji una meno mawili mawili yaliyolala kwa mshazari. Unaingiza kamba, unavuta, meno yanaing'ata. Kwenye Laser za zamani kimepigwa ribiti juu ya bumu, na kamba inayong'atwa pale ndiyo inayovuta pembe ya nyuma ya tanga. Ukiikaza, tanga linanyooka. Ukiilegeza, linafanya tumbo.

Upepo mdogo unataka tumbo. Kusi la Agosti halitaki. Tanga likiwa na tumbo kwenye upepo ule, mashua inalala ubavu, wewe umening'inia nje mpaka mapaja yanatetemeka na bado hainyooki. Sasa fikiria meno ya kleti yako yameliwa na jua na chumvi kwa miaka ishirini. Unakaza kamba ufukweni, unaingia majini, wimbi la tatu kamba inateleza kidogo. La saba inateleza tena. Ukifika boya la kwanza una tumbo la mjamzito mbele yako na wenzako wako mbali.

Yule kijana aliishi hivyo msimu mzima. Halafu akaenda kwa fundi baiskeli, akaomba kipande cha tyubu mbovu, akakilaza ndani ya mfereji, akakifunga kwa tepu. Kamba ikashika.

Kazi ya kleti ni kushika kamba.

Basi tepu ilibadilisha nini?

Ila wenye mashua yao hawakuwa wajinga

Nilipofika hapo nilitaka kumpigia simu mara moja nimwombe radhi. Nikajizuia, kwa sababu najua ubongo wangu: ukishampenda mtu unamtafutia sheria.

Na ile sheria haikuja kwa bahati mbaya. Bruce Kirby wa Kanada alichora mashua hii mwaka 1969 akiwa anaongea kwenye simu na rafiki yake Ian Bruce, aliyetaka mashua rahisi ya kubebwa juu ya gari. Mwaka 1971 ilikuwa sokoni. Zimetengenezwa zaidi ya laki mbili. Mwaka 1996 ikaingia Olimpiki, Atlanta. Mwili wake mtupu una kilo kama 59, tanga kubwa ni mita za mraba 7.06, na uliyenayo Dar na aliyenayo mtu Sydney ni kitu kimoja. Au inatakiwa iwe kitu kimoja. Ndiyo maana kanuni zake zinaanza kwa kutamka kwamba mashindano ni kati ya watu, si kati ya mashua. Anayeshinda awe ameshinda kwa mwili na akili, asishinde kwa fundi wake.

Ili ulinde jambo kama hilo, huwezi kuorodhesha kila ujanja na kuukataza. Werevu hauishi. Kwa hiyo wakageuza kibao: chochote ambacho hakijaruhusiwa kwa maandishi, kimekatazwa. Kanuni zimefungwa. Ukinyamaziwa, jibu ni hapana.

Ukitaka kuona yanayotokea ukimya ukiachwa wazi, angalia Kombe la Amerika, yale mashindano makubwa ya vyombo vya tanga, mwaka 1988. Hati inayoliongoza kombe hilo ni ya 1887, na inazungumzia urefu wa chombo kwenye maji. Watu wa New Zealand wakaja na jahazi kubwa mno, futi 90 kwenye maji, mwisho kabisa wa kipimo. Wamarekani wa San Diego wakatazama hati, wakaona haikusema popote kwamba chombo kiwe na mwili mmoja, wakaja na chombo cha miili miwili cha futi 60. Kikapaa juu ya maji, mashindano yakaisha mbili bila. Kesi ikapanda mahakama za New York, hakimu wa kwanza akawapa kombe New Zealand, rufaa ikampindua, na mwaka 1990 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaafiki rufaa. Hati haikukataza, kwa hiyo inaruhusiwa.

Sitaki Msasani iwe hivyo. Leo ni tyubu ya baiskeli, kesho kuna mwenye hela atakayekuja na mpira wa kisayansi na kusema si mlimruhusu yule.

Nikaacha kupiga simu.

Kunduchi

Kuna mzee mmoja Kunduchi anayechonga ngalawa. Huwa naenda kwake si kwa sababu maalumu. Napenda kumwangalia anavyotumia tezo. Jumamosi hiyo alikuwa na gogo la mwembe lililokwisha kupata umbo, analichimba ndani, na maganda yanaruka mpaka kwenye sahani yake ya mihogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umeukunja?"

Nikamsimulia yote. Kleti, tyubu, tepu, dakika kumi na mbili. Alisikiliza bila kuacha kuchonga. Nilipofika kwenye kanuni iliyofungwa akasimamisha tezo.

"Rudia hapo. Kisichoandikwa hakiruhusiwi?"

"Ndivyo."

"Kwenye chombo?"

"Kwenye chombo."

Akacheka mpaka akakohoa. Ngalawa zao nazo hushindana, na kwenye ngalawa swali hilo halipo. Unataka tanga kubwa kuliko la mwenzio? Weka. Mirengu mirefu? Funga. Unapakia vijana wanne wakae upande wa upepo? Wapakie. Tanga likikuzidi utalijua mwenyewe huko nje, hakuna kamati.

"Sasa hiyo yenu si mchezo," akasema. "Hiyo ni ibada."

Nilidhani ananitania. Kumbe anafundisha. Mzee alisoma chuoni tangu utoto, na fiqhi, elimu ya sheria za dini, anayo. Akaniambia: katika mambo ya watu, kula, kuvaa, kuuza, kuchonga chombo, asili ya kila kitu ni ruhusa mpaka lije katazo. Katika ibada ni kinyume. Asili yake ni kungoja dalili kutoka kwenye maandiko. "Huwezi kuswali alfajiri rakaa tatu, ukaulizwa, ukasema mbona hakuna aliyenikataza ya tatu. Umezua. Hata kama uliongeza kwa mapenzi."

Nikakaa kimya. Miaka yote nimekuwa nikihangaika kuwaeleza vijana kanuni iliyofungwa ni nini, natafuta mifano ya mpira wa miguu haikai, na mzee ameimaliza kwa rakaa moja ya ziada.

"Basi uamuzi wetu ulikuwa sawa," nikasema. Naona aibu kuandika kwamba nilisema kwa furaha.

Akalitazama gogo lake.

"Na mtu akikosa maji ya udhu?"

"Anatayamamu. Kwa vumbi."

"Nani kaizua tayamamu?"

"Haikuzuliwa, mzee. Imo kwenye Kitabu."

"Mle mle mlimoandikwa udhu?"

"Mle mle. Aya hiyo hiyo."

"Haya. Na nyinyi kitabu chenu mlikisoma mpaka mwisho, au mlisoma udhu mkafunga?"

Akaendelea kuchonga.

Mle mle

Tulisoma udhu tukafunga.

Usiku huo nilikisoma kitabu chote, kwa mara ya kwanza nadhani tangu nilipokipakua. Kwa nyuma huko, mbali na kanuni ya tepu, kuna kanuni ya matengenezo. Inasema, naieleza tu, kwamba tanga, mwili, mlingoti, bumu na vifaa vyovyote vyake vinaweza kutengenezwa na kutunzwa visiharibike (ona, na mimi tena nimeandika "vinaweza", nisahihishe: *vimeruhusiwa* kutengenezwa) mradi tu umbo la msingi, sifa au kazi ya kile cha asili visiathirike.

Hiyo ndiyo tayamamu yao. Hakuna aliyeizua.

Nikaenda kwenye kitabu kingine, kile cha kanuni za mashindano za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, ambacho hutolewa upya kila baada ya miaka minne. Huko nako kuna jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila mara kwa sababu limekaa kwenye sehemu ya kamati za pingamizi. Mashua ikikutwa imepita vipimo kwa sababu ya kuharibika au kuchakaa kwa kawaida, na kuchakaa huko hakukuiongezea mwendo, isiadhibiwe. Irekebishwe kabla ya kushindana tena. Isipokuwa kamati ikiona hapajakuwepo nafasi ya maana ya kuirekebisha.

Nafasi ya maana! Walioandika hayo hawakuwa wanawaza Dar es Salaam, lakini waliacha mlango.

Sikutaka kujidanganya, hivyo nilisoma tena asubuhi, na asubuhi mambo yalikuwa magumu kidogo. Kanuni ya uchakavu inaongelea kilicholiwa, haiongelei kilichoongezwa, na tyubu iliongezwa. Kwa hiyo hiyo peke yake haimwokoi. Ya matengenezo ingemwokoa, lakini nayo inaning'inia kwenye neno lile lile la kanuni ya tepu. Kazi. Kama mpira uliirudisha kleti kwenye kazi yake, ni matengenezo. Kama uliifanya ishike kuliko kleti mpya, ni kifaa kingine kilichovaa ngozi ya kwanza, na mweka pingamizi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Swali hili halijibiwi kwa kusoma.

Mizani ya samaki

Niliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, ile yenye ndoana na sindano. Akaniuliza napima changu au nguru. Nikamwambia napima kamba. Alinipa huku ananiangalia.

Kijana alikubali kuja. Hakuniuliza kwa nini. Tulilaza bumu lake juu ya magurudumu mawili mabovu, tukaingiza kamba kwenye kleti yake tupu kama ilivyokuwa kabla ya tyubu, nikafunga mizani, nikavuta taratibu kuelekea upande tanga linapovutia. Sindano haikupanda hata nusu. Kamba ikateleza, bila sauti, kama mkunga unavyotoka mkononi.

Tukaweka tyubu. Bado alikuwa nayo, ile ile, kwenye kopo la Blue Band pamoja na ribiti na vipande vya kamba. Akaifunga kwa tepu mpya, mara tano. Nikavuta. Sindano ikapanda, ikapita nusu, nikavuta kwa mikono miwili, ikaendelea kupanda, kisha kamba ikaanza kuteleza kidogo kidogo.

Halafu tukaenda kwa jamaa aliyeweka pingamizi. Nilimweleza ninachotafuta. Alifikiri kidogo, akaenda mwenyewe kuleta bumu la akiba, lina kleti mpya ya aina ile ile. Akashika upande mmoja, mimi nikavuta upande wa pili. Sindano ilifika mwisho wa mizani na kamba haikusogea.

Tukarudia zote. Majibu yale yale.

Kuna jingine hatukulitarajia. Kwenye kleti mpya, kuifungua kamba ni kuinyanyua tu kwa kidole. Kwenye ile yenye tyubu, mpira unaikumbatia, inabidi uing'oe. Maana yake, upepo ukipungua kijana hakuweza kulegeza tanga haraka kama wenzake. Alikuwa anashindana na kleti dhaifu kuliko zao na ngumu kufungua kuliko zao, kwa wakati mmoja.

Jamaa aliyeweka pingamizi alivuta ile kamba mwenyewe, mara mbili. Akasema, "Sasa mbona hatukufanya hivi siku ile?"

Kwenye kikao tulikuwa watatu, pamoja na yeye na kijana watano, na bumu lilikuwa nje ya mlango, hatua kumi. Hakuna aliyevuta kamba.

Tusiokuwa na shaka

Kanuni za mashindano zina agizo moja ambalo ningependa kulibandika ukutani. Kamati ikiwa na shaka juu ya maana ya kanuni ya vifaa, sharti ipeleke swali, pamoja na ukweli wa jambo ulivyoonekana, kwa wenye mamlaka ya kuifasiri kanuni hiyo. Na jibu likija, linaifunga kamati.

Si ombi. Kikao kingesimama, tungeandika barua pepe, tungengoja. Matokeo yangebaki yanasubiri. Kila mtu angekasirika kidogo, hakuna ambaye angeonewa.

Lakini agizo hilo linaanza na "ikiwa na shaka". Sisi hatukuwa nayo. Nilikuwa na simu mkononi na sauti ya kusomea, na wenzangu walikuwa wananiamini. Ningesoma polepole nusu ya kasi ile, shaka ingekuja yenyewe, ingekaa nasi mezani.

Matokeo hayabadiliki tena. Kuomba kikao kifunguliwe upya kuna muda wake, na muda huo ulipita zamani nikiwa bado nasinzia kwenye foleni ya Mwenge. Nilimwambia kijana hivyo. Nilimwambia pia kwamba kwa ninavyoelewa sasa hivi tulikosea, kwamba neno "unaweza" lilikuwa langu na si lake, na kwamba sina cha kumrudishia. Alisema, "Haina shida, kocha," kwa ile namna yetu ya kusema haina shida.

Na bado sina uhakika wote. Tumewaandikia wenye kanuni, tukaeleza tyubu, tepu, mizani na sindano. Inawezekana wakajibu kwamba mpira ni kifaa kipya hata kama ni dhaifu, kwamba kurejesha kazi si hoja, kwamba tayamamu yao ina masharti ambayo sikuyaona. Wakijibu hivyo nitaandika hapa.

Maji yamefika

Kleti mpya ilikuja kwenye sanduku la mgeni wa mtu, imefungwa ndani ya soksi. Jumapili iliyopita tuliing'oa ile ya zamani. Ribiti zilikuwa zimeshikana na alumini kwa kutu nyeupe, ikabidi tuzitoboe kwa drili, moja ikakatikia ndani. Kijana alibandua tepu mwenyewe. Gundi yake ilibaki kwenye bumu, pete nyeusi tano, akazisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikatoka nne. Ya tano inaonekana bado ukiinama.

Mzee wa Kunduchi aliniuliza habari za kijana, nikamwambia kleti imepatikana. "Maji yakija, vumbi basi," akasema, akaulizia bei ya mwembe huko kwetu.

Tulipomaliza kupiga ribiti, kijana akaingiza kamba, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaning'inia nayo. Ikashika. Akaitazama muda mrefu. Kisha akageukia ndani ya mashua, akanyanyua ule mkanda wa kuingizia miguu tunaponing'inia nje. Ulikuwa umeshonwa katikati kwa uzi mnene wa nailoni, mshono wa fundi viatu, safi kabisa.

"Na hii je, kocha? Ilikatika mwezi uliopita. Imeruhusiwa?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikaufunga, nikaenda garini kuchukua simu.